Redio ya 504: shajara ya kutafuta sauti ya mwaka 1975

Gari: Peugeot 504 ya milango minne, 1975, karbureta, volti 12, hasi kwenye bodi. Mahali: Kampemba, Lubumbashi, chini ya mwembe. Injini inazunguka vizuri, breki zimefungwa upya, bati limenyooshwa na kupakwa rangi yake ya krimu. Ndani bado viti, kitambaa cha dari na redio. Hapa naandika habari za redio peke yake, kwa sababu katika mambo yote madogo ya gari hili ndiyo iliyozua ubishi mwingi.

Mei, mvua zimekata

Nimeng'oa redio iliyokuwa kwenye dashibodi. Ni mali ya juzi: taa za buluu, tundu la USB, Bluetooth, uso wa plastiki unaochomoka. Ilikuwa ikiimba vizuri tu. Ila usiku ukiwasha gari macho yote yalikwenda kwake, na zile saa za Peugeot zilibaki kama wageni ndani ya nyumba yao wenyewe.

Mtoto wa mdogo wangu, aliyekuwa akinishikia taa, hakuelewa kwa nini naitoa. "Baba mukubwa, hii radyo iko muzima. Unaitosha juu ya nini?"

"Juu haiko ya hii gari."

Akacheka, akaiomba. Nikamwambia angoje kwanza nipate ya kuweka.

Kuitoa ndiko kulikonionyesha ukubwa wa kazi. Redio za leo huingia nzima kwenye fremu ya bati, kwa kipimo kinachojulikana kama ISO 7736, karibu milimita 180 kwa 50. Redio nyingi za miaka ya sabini zilikaa kwa namna nyingine: mwili uko nyuma ya dashibodi, vijiti viwili vinatokeza mbele, uso mdogo wenye skeli (mistari na namba za kutafutia stesheni) unachungulia katikati, na nati mbili zinashika kila kitu. Aliyefunga redio ya buluu alichukua tupa akala bati lote lililokuwa kati ya vijiti. Kwa hiyo kibati cha kuziba kinahitajika, na hakikatwi mpaka redio iwe mkononi, maana umbali wa kijiti hadi kijiti haufanani kwa watengenezaji wote.

Sharti

Wanaorudisha magari ya zamani huuliza swali moja: redio ni ya mwaka gani? Mimi naona halitoshi. Redio inaweza kuwa ya 1975 kamili, tena ya nchi ileile gari lilikotoka, na bado isingekuwa na maana yoyote kwa mtu aliyekuwa akiendesha 504 kutoka hapa kwenda Likasi mwaka huo. Nimejiwekea sharti hili: iwe redio ambayo mwenye gari, hapa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, angeinunua na akaisikiliza.

Sharti hilo limefukuza wagombea wengi mara moja. Redio mpya zilizovalishwa sura ya zamani, zenye vijiti viwili na Bluetooth ndani, ni rahisi kufunga, lakini ukizikaribia plastiki inajitangaza. Mashine za kanda za njia nane (8-track) zilikuwa za Wamarekani. Ford walianza kuziuza katika magari yao ya mwaka 1966, na kwenye Peugeot ya Katanga sioni zingefuata nini. Blaupunkt na Becker za miaka ya themanini, nyeusi, zenye namba za kung'aa, ni nzuri sana, ila hizo ni za Mercedes ya mtu mwingine.

Kaseti ilinipa kigugumizi. Philips waliionyesha Berlin mwaka 1963, na kabla miaka ya sitini haijaisha ilishaingia kwenye magari. Kwa hiyo haivunji sharti. Mwenye pesa wa 1975 angeweza kuwa nayo, na Franco na Tabu Ley wangesafiri naye. Nimezishika mashine kadhaa za aina hiyo. Mpira wa kuzungushia umegeuka lami inayonata kwenye vidole, kichwa cha kusomea kimelika, na gurudumu la kubana utepe limekuwa gumu kama... basi, gumu. Kanda inapaswa kupita kwa sentimita 4.76 kila sekunde. Hizi nilizojaribu zilipita kwa mwendo ziliotaka zenyewe. Mipira mipya hupatikana kwa kuagiza nje, na mtu mwenye subira atafanikiwa. Mimi subira yangu nimeimalizia kwenye breki.

Mambo ya mawimbi

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

Nilipewa kwanza redio ya Kifaransa, nzuri, ya kromi, ya umri uleule wa gari. Ina vitufe viwili: GO na PO. PO ni mawimbi ya kati. GO ni mawimbi marefu, na kwa dereva wa Ufaransa hicho ndicho kitufe alichokitumia safari nzima: France Inter ilikuwa kwenye kilohezi 162 hadi mwisho wa 2016, Europe 1 kwenye 183 hadi mwisho wa 2019. Stesheni moja yenye nguvu nyingi ilifunika nchi nzima. Huku kwetu mawimbi marefu hayakuwa na cha kusikiliza. Nusu ya redio ile ingekuwa pambo tangu siku ya kwanza ya gari.

Mawimbi ya kati mchana huenda na uso wa ardhi na kuchoka mapema. Usiku yanafika mbali lakini katika nchi zetu za joto radi za msimu wa mvua huyachafua kwa mikwaruzo. Na kutoka Kinshasa hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa njia ya ndege. Mawimbi mafupi ndiyo yaliyoruka umbali huo, kwa sababu hupiga juu kwenye tabaka la anga lenye chembe za umeme na kurudi chini mbali kabisa. Ndiyo maana redio za nyumbani za wakati ule zilikuwa na skeli ndefu za mita 25, 31, 49, 60, yaani urefu wa wimbi. La Voix du Zaïre, redio ya taifa ya wakati ule, iliingia hivyo. BBC kwa Kiswahili, iliyoanza 1957, iliingia hivyo. Deutsche Welle kwa Kiswahili, tangu 1963, vilevile, na Dar es Salaam pia.

Fundi mzee wa redio wa mtaa wa Katuba, ambaye atatajwa sana chini, alisema kwa kifupi: "Radyo ya motokari bila OC, ulikuwa unaipima kama briki. Unasikia nini? Unasikia motokari."

OC ndiyo mawimbi mafupi kwenye redio za Kifaransa. Kwenye redio za Wajerumani tafuta herufi K. Blaupunkt waliandika U, K, M, L: FM, mafupi, ya kati, marefu. Kampuni hiyo ilikuwa na desturi ya kuzipa redio zake za gari majina ya miji, na ile iitwayo Frankfurt ilijulikana kwa kubeba bendi zote nne. K yake haizunguki dunia nzima. Imefunguliwa kwenye mita 49 peke yake, takriban megahezi 5.95 hadi 6.2, na hiyo ni faida kwa dereva: bendi nyembamba iliyotandazwa kwenye skeli nzima, kwa hiyo stesheni haikimbii ukigusa kitufe gari likiruka shimo.

Stereo, yaani sauti tofauti kushoto na kulia? Blaupunkt walikuwa nayo kwenye gari tangu 1969. Lakini stereo ya redio huja na FM peke yake, na katika barabara ya Likasi mwaka 1975 mtu angekaa na spika mbili zinazosema neno lilelile. Nimeamua: mono (sauti moja tu), bendi nne, Frankfurt ikipatikana.

Juni, baridi, soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi)

Imepatikana. Ilikuwa chini ya lundo la redio za basi, kwa kijana anayeuza amplifaya na rimoti. Kromi ya vijiti imefifia, kioo cha skeli kizima, vitufe vitano vya kuhifadhi stesheni vyote vipo.

"Papa, hii ni ya Wabeleji ya zamani, haikufake."

"Inalia?"

"Italia, papa. Inaomba tu mutu wa kuijua."

Yaani haikuwa inalia. Bei aliyoitaja ilikuwa ya redio inayolia. Bei tuliyofika ilikuwa ya chuma. Nilimwongeza kidogo ili anitafutie na kifuniko cha kijiti kilichokosekana, na akakipata kweli, kwenye sanduku la peni na betri za saa.

Ushauri kwa anayenunua redio ya namna hii hapa mjini: fungua kifuniko cha chini palepale. Kapasita nyingi (vipande vya kutunza chaji ya umeme) zimepigwa mhuri wa mwaka wa kutengenezwa, na hiyo ndiyo hati ya kuzaliwa isiyodanganya, kuliko maneno ya muuzaji. Zangu zinasema 1973 na 1974. Tazama pia kama ina swichi au kiplagi cha kugeuza chanya na hasi. Redio za zamani zaidi zilikuwa nazo kwa sababu magari mengine yalikuwa na chanya kwenye bodi. Ukiiunganisha kinyume na gari lako unaua transista kabla hujasikia hata mkwaruzo.

Mezani kwa muzee, Katuba

Muzee hana haraka. Haunganishi redio ngeni na batri moja kwa moja. Anaweka taa ya breki, wati 21, katikati ya waya wa chanya. Redio ikiwa na shoti, taa inawaka kwa nguvu na redio inasalimika. Ikiwa nzima, taa inawaka kwa mbali tu au haiwaki. Kifaa hicho kinagharimu balbu moja na dakika mbili, na sijui kwa nini mafundi vijana wanapenda kuchoma vitu.

Taa haikuwaka kwa nguvu. Skeli iliwaka. Sauti: hakuna, kwenye bendi zote nne. Akagusa mguu wa kati wa potenshometa ya sauti (kifaa cha kupandisha na kushusha sauti) kwa bisibisi na spika ikanguruma. Kwa hiyo upande wa kukuza sauti ulikuwa hai. Akaigeuza, akatazama nyuma, akatabasamu.

"Haikufa hii. Iko wapi mwenzake?"

Nyuma ya redio kuna tundu la duara la pini tano, la aina ya DIN, lililowekwa kwa ajili ya mashine ya kaseti ya kufunga chini ya dashibodi. Sauti inatoka kwenye sehemu ya kupokelea, inapita kwenye tundu hilo, kisha inarudi kwenye amplifaya. Pasipokuwa na kaseti, kiplagi kidogo chenye kiungo ndani yake lazima kikae pale. Kikipotea, redio inabaki bubu ingawa kila kitu ndani ni kizima. Redio ngapi zimeuzwa kama vyuma chakavu kwa sababu ya kiplagi hicho, Mungu ndiye anayejua. Muzee alifuata njia za shaba kwenye bodi ya saketi, akaunganisha pini mbili kwa kipande cha waya, na chumba kikajaa kelele za mita 49.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya kawaida. Kapasita za elektroliti za upande wa sauti zimebadilishwa zote, kwa sababu zilikuwa zimekauka na besi ilikuwa imekwenda. Migusano ya vitufe imesafishwa kwa spirti, potenshometa pia. Reli ya kuvuta sindano ya skeli imepewa tone la mafuta ya cherehani. Muzee alikataa kugusa zile koili zenye kiini cha feraiti: "Hizi zilipangwa kiwandani. Ukizizungusha, utanitafuta na sitakuwepo."

Julai: kufunga

Kibati kimekatwa kwa alumini ya milimita moja na nusu, kikapakwa nyeusi isiyong'aa. Kimeziba makosa ya tupa na vijiti vimepita palepale vilipotakiwa. Nyuma redio imeshikwa kwa mkanda wa bati uliotobolewa. Usiiache ining'inie kwa nati mbili za mbele. Kwa barabara zetu uso utapasuka.

Umeme: waya wake mwenyewe kutoka kwenye swichi, wenye fyuzi yake karibu na chanzo. Waya wa masi (wa kurudisha umeme kwenye bodi) nimeupeleka kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Spika ni moja, ya yai, omu 4, chini ya dashibodi upande wa abiria. Karatasi yake ilikuwa imechanika pembeni. Nimeibandika kwa karatasi laini ya chooni na gundi nyeupe iliyopunguzwa maji, tabaka mbili, na haikwaruzi. Baadhi ya redio, hasa zilizofuata kuanzia miaka ya themanini, hazitaki waya wowote wa spika uguse bodi ya gari, kwa sababu zinasukuma waya zote mbili. Angalia yako kabla ya kutumia bodi kama waya wa kurudishia.

Antena: ya kuvuta kwa mkono, kwenye bawa la mbele. Hapa kuna skrubu ambayo watu wengi hawaijui. Karibu na tundu la antena redio za gari za AM (mawimbi ya kati, marefu na mafupi) zina kapasita ndogo ya kurekebishwa, kwa sababu antena na waya wake ni sehemu ya saketi ya kupokelea, na kila gari lina urefu wake. Unavuta antena yote, unatafuta stesheni dhaifu ya mawimbi ya kati upande wa juu wa skeli, karibu na kilohezi 1400, kisha unazungusha skrubu hiyo taratibu mpaka sauti ifikie kilele. Kabla ya hapo nilikuwa nasikia mikwaruzo tu mchana. Baada yake nikapata sauti za watu.

Kelele

Injini ikiwa imezimwa, redio ni safi. Ukiwasha, tak-tak-tak zinazofuata mwendo wa injini, na juu yake mluzi mwembamba unaopanda unapokanyaga mafuta. Ni kelele mbili tofauti na kila moja ina dawa yake.

Tak-tak ni cheche. Kofia za bujia (plagi za cheche) zenye ukinzani wa kilo-omu 5 zimeondoa sehemu kubwa. Kilichobaki kimeondolewa na kapasita ya mikrofaradi 2.2 kwenye bobini (koili ya kuzalisha cheche), upande unaotoka kwenye swichi. Usiiweke upande unaokwenda kwenye platini (kikata umeme cha bobini). Itaharibu cheche yenyewe na utahangaika na karbureta isiyo na hatia. Boneti nayo ilihitaji kamba ya shaba ya kuiunganisha na bodi, kwa sababu bawaba zilizopakwa rangi upya hazipitishi umeme, na boneti isiyo na masi inarusha kelele kwenda kwenye antena iliyo kando yake.

Mluzi ni alteneta. Koili ya kuchuja kwenye waya wa chanya wa redio imeukata karibu wote. Wote kabisa haujakwisha. Kwenye FM husikii kitu. Kwenye K, stesheni ikiwa dhaifu, bado upo kwa mbali, na muzee anasema hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Simu

Mtoto wa mdogo wangu alirudi na ombi lake. "Baba mukubwa, tutaimba nini humu sasa?" Ni swali la haki. Nataka kusikiliza gitaa la Mwenda wa Bayeke barabarani, na sina stesheni inayolipiga kila ninapotaka.

Jibu lilikuwa tayari nyuma ya redio. Tundu lile la kaseti linapokea sauti kutoka nje, na simu inaweza kukaa mahali pa kaseti bila kutoboa chochote. Nimenunua plagi ya pini tano. Kiungo cha muzee kimehamia ndani yake kupitia swichi ndogo: upande mmoja redio, upande wa pili simu. Redio ni mono, simu ni stereo. Usiziunge waya za kushoto na kulia pamoja moja kwa moja, kwa sababu njia mbili za simu za kutolea sauti zitasukumana. Kila upande upite kwanza kwenye kizuizi cha kilo-omu 1, halafu ndipo vikutane. Kipokezi kidogo cha Bluetooth kiko ndani ya sanduku la glovu na swichi imekaa pembeni yake. Ukifunga sanduku, huoni kitu.

Sauti ya simu kwenye spika moja ya karatasi haina besi ya kutikisa vioo. Gitaa na sauti ya mtu zinatoka mbele kabisa, wazi. Kijana alisikiliza, akasema si mbaya, akachukua redio ya buluu akaenda nayo.

Agosti

Matumizi ya kila siku. FM inashika vizuri Radio Okapi na stesheni nyingine za mjini, ila skeli inaishia 104. Ndivyo zilivyokuwa redio nyingi za Ulaya za wakati ule, kabla FM haijafunguliwa hadi 108, na aliye na stesheni anayoipenda juu ya hapo ajue mapema. Mawimbi ya kati mchana ni kama tupu, usiku yanaamka. Kitufe cha L hakijawahi kunipa kitu na sikutegemea.

K ni habari ya jioni. Stesheni zimepungua sana kuliko anavyosimulia muzee, lakini baada ya jua kuzama mita 49 bado ina watu: wahubiri kwa Kiingereza, Kifaransa kinachokuja na kuondoka. Nimeiacha hapo nikitoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na sikuibadilisha mpaka mjini.

Yaliyobaki: balbu ya skeli ni ya wati nyingi mno na inachemsha kioo, nitaweka ndogo. Raba ya shina la antena inaingiza maji. Ifungwe kabla ya mvua za Novemba. Na nikiwasha taa kubwa sauti inashuka kidogo, kwa hiyo kuna masi mbovu mahali fulani. Nitaanza na kamba kati ya batri na bodi.